Kupiga picha kwenye mahame ya Fukushima: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi uko pwani ya mashariki ya Japani, vinu vyake vinne vikiwa katika mji wa Okuma na viwili katika mji jirani wa Futaba. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za huko, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa bahari. Chini ya saa moja baadaye tsunami ya zaidi ya mita kumi ilipanda juu ya ukuta wa bahari, ikazamisha jenereta za dharura, na vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vikakosa maji ya kupozea hadi fueli yake ikayeyuka. Jioni ya kesho yake ikatoka amri kwamba kila anayeishi ndani ya kilomita 20 aondoke. Kwa jumla watu wapatao 160,000 waliyahama makazi yao. Wengi walitoka na mkoba mmoja, wakiamini watarudi baada ya siku mbili tatu. Waliacha vyombo kwenye sinki, nguo kwenye kamba na ng'ombe zizini.

Mpigapicha anayevutiwa na mahame ya nyuklia kwa kawaida huanza kuiwaza Pripyat, mji wa Ukraine uliohamishwa tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya kinu namba 4 cha Chernobyl kulipuka. Kwa sasa huko hakuendeki. Eneo limefungwa kwa watalii tangu majeshi ya Urusi yalipoingia Februari 2022, na yametegwa mabomu ya ardhini. Fukushima unafika kwa treni. Tena mahame yake yana jambo ambalo Pripyat ilishalipoteza: miji yake inafunguliwa mtaa kwa mtaa, na wenyewe wanarudi mmoja mmoja.

Hilo ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata. Mwenye nyumba yu hai. Pengine anaishi mji wa Iwaki, mwendo wa saa moja kwa gari, na mwezi ujao atakuja kufyeka majani uani na kuwasha ubani kaburini kwa wazazi wake. Unapoinua kamera mbele ya mlango wake, piga kama mtu ambaye siku moja atamwonyesha picha hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta ramani ya mwaka huu

Ramani za mwaka jana zitakudanganya. Mwanzoni duara la kilomita 20 lilifungwa lote, kisha likagawanywa kufuatana na kiwango cha mionzi, na sehemu mbaya zaidi zikaitwa kikan konnan kuiki, yaani maeneo ambayo kurudi ni kugumu. Tangu hapo miji na vijiji vilivyohamishwa vimekuwa vikifunguliwa kwa mafungu: Naraha Septemba 2015, sehemu kubwa ya Iitate na katikati ya Namie mwisho wa Machi 2017, Tomioka siku iliyofuata, sehemu ya Okuma Aprili 2019. Futaba ndio uliochelewa kuliko yote. Eneo la stesheni lilifunguliwa Machi 2020 ili treni za reli ya Joban zipite tena, lakini ruhusa ya kulala na kuishi mjini haikutoka hadi tarehe 30 Agosti 2022.

Maana yake kwa mpigapicha ni kwamba barabara moja inaweza kuwa na ofisi mpya ya mji upande huu, na upande wa pili geti la chuma lenye mlinzi. Pata ramani ya karibuni kutoka serikali ya mkoa au ofisi ya mji wenyewe, uichapishe, uichore kwa kalamu mahali unapotaka kusimama.

Jambo la pili, majengo yanabomolewa. Serikali hulipia ubomoaji wa nyumba ambazo wenyewe wameamua hawazitaki tena, kwa hiyo mtaa uliouona kwenye picha za 2015 leo unaweza kuwa kiwanja cha changarawe. Usisafiri kwa ajili ya picha moja uliyoiona kwa mwingine. Huenda jengo hilo halipo, na hata likiwapo, picha hiyo imeshapigwa.

Kwa anayeanza, napendekeza shule ya msingi ya Ukedo, Namie, iliyoko kama mita 300 kutoka baharini. Tsunami ilipita ndani yake, lakini wanafunzi na walimu walikuwa wameshakimbilia kilima cha Ohira, na wote waliokoka. Tangu Oktoba 2021 imekuwa gofu rasmi la kumbukumbu, unaingia kwa tiketi na kufuata njia iliyowekewa uzio. Sakafu ya ukumbi wa michezo imebonyea, na jukwaani bango la mahafali bado liko. Hapo utajifunza kufanya kazi katika chumba kilichovunjika bila hofu ya kuvunja sheria au kuingia kwa mtu. Makumbusho ya maafa yaliyofunguliwa Futaba Septemba 2020 nayo uyatembelee kabla ya kupiga picha mitaani, si baada. Utakachosoma humo ndicho kitakachokuonyesha cha kutazama nje.

Hatua ya 2: Malizana na sheria ukiwa bado nyumbani

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Japani, na maombi yake hutaka ratiba ya safari. Andika ratiba ya kweli. Kutoka Tokyo, treni ya haraka iitwayo Hitachi husimama Tomioka, Ono, Futaba na Namie, na safari huchukua kama saa tatu na nusu.

Kuingia eneo lililofungwa bila kibali ni kosa. Tangu 2011 sheria imeweka faini ya hadi yeni 100,000. Mwaka 2016 kijana mmoja mpigapicha kutoka Malaysia alipenya usiku, akasambaza picha zake mitandaoni. Wengi walishangilia. Waliokuwa na nyumba zao mle waliumia, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakiomba kibali na kuvaa mavazi ya kinga ili waruhusiwe saa chache tu kwenye sebule zao. Wapo wanaouona ujasiri wa namna hiyo kuwa ndio roho ya upigaji picha wa mahame. Mimi nakataa kabisa.

Hata mahali palipofunguliwa, nyumba iliyoachwa wazi si ya umma. Mlango uliobomoka haujakukaribisha. Njia ya halali ya kuingia ndani ni kufuatana na mwenye nyumba au mwongoza wageni wa eneo hilo aliyekubaliana naye. Wako wakazi wa zamani wanaowatembeza watu kwa ratiba maalumu, na ada unayowalipa ina faida kuliko lenzi mpya, maana watakuonyesha dirisha ambalo wewe ungelipita.

Droni iache nyumbani. Kuirusha juu ya mtambo wa nyuklia na karibu yake ni marufuku, na yenye uzito wa gramu 100 au zaidi ni lazima isajiliwe. Ziara za ndani ya mtambo wenyewe zipo, ila kwa kawaida kamera za wageni hubaki nje.

Hatua ya 3: Ielewe mionzi kwa namba

Hofu na ubishi vyote hutoka kwa watu wasiopima. Nunua au azima kipima mionzi kinachoonyesha maikrosiveti (kizio cha mionzi anayopokea mtu) kwa saa, na ujizoeze nacho nyumbani kwako wiki nzima ili ujue mahali pa kawaida husoma kiasi gani. Sehemu nyingi za dunia ni kati ya 0.05 na 0.2. Namba ya kukumbuka Fukushima ni 0.23. Serikali ya Japani iliitumia kama kipimo cha maeneo ya kusafishwa, kwa hesabu ya milisiveti 1, yaani maikrosiveti 1,000, ya ziada kwa mwaka. Katika miji iliyofunguliwa utaona nguzo nyeupe zenye paneli ya sola na namba za kidijitali. Hivyo ni vipimo vya umma, linganisha chako navyo.

Fanya hesabu ifuatayo ili utulie. Ukikaa saa 8 mahali panaposoma 0.5, umepata maikrosiveti 4. Ndege ikiwa juu angani, kiwango ndani yake huwa kati ya 3 na 6 kwa saa. Safari ya kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Tokyo ina zaidi ya saa 15 za kuwa hewani, kwa hiyo ndege itakuwa imekupa mara kumi au zaidi ya siku yako ya kazi mtaani Futaba. Sisemi hivyo ili uzembee. Nasema ili uogope kinachostahili kuogopwa, nacho ni sehemu zenye mkusanyiko.

Mtambo ulitoa madini kadhaa yenye mionzi. Iodini-131, iliyotisha watu wiki za mwanzo, hupungua kwa nusu kila siku 8, na iliisha zamani. Sezi-134 hupungua kwa nusu kila miaka miwili na imebaki kidogo mno. Kazi imebaki kwa sezi-137, ambayo nusu yake huchukua miaka 30. Hii hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi na kusafiri na maji ya mvua, ikajikusanya mahali maji yanapotua: chini ya bomba la paa, kwenye mfereji uliojaa majani makavu, kwenye ile mimea laini ya kijani inayoota juu ya zege lenye unyevu. Mtaa unaweza kusoma 0.2 kwa usawa wa kiuno, na hatua mbili pembeni, chini ya bomba la paa, ukasoma mara kumi yake. Misitu nayo haikusafishwa, isipokuwa ukanda wa mita 20 hivi karibu na nyumba. Kwa hiyo kila unapotaka kuweka stendi ya kamera na kukaa, shusha kwanza kipima mionzi hadi karibu na ardhi, subiri dakika nzima namba itulie, ndipo uamue. Ikiwa juu, sogea mita tatu. Umbali na muda ndio dawa. Piga haraka, ondoka.

Ukiwa kazini usipige magoti kwenye udongo wala usilale kifudifudi kutafuta pembe ya chini; kioo cha kamera kinachopinda kipo kwa ajili hiyo. Usile wala kuvuta sigara nje. Vaa mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunga, na barakoa ukiwa ndani ya jengo, kwa sababu vumbi lililolala chumbani miaka hii yote lina kuvu na pengine asbesto, na hayo yana madhara yake hata bila sezi. Usiokote uyoga. Begi la kamera lisitue chini kamwe. Beba karatasi ya plastiki ya kulitandikia. Miguu ya stendi ivalishe mifuko ya plastiki, na jioni uivue kwa kuigeuza ndani nje ili uchafu ubaki humo. Ukitoka, futa stendi, soli za viatu na sehemu ya chini ya kamera kwa vitambaa vyenye maji, kisha upime.

Watu huuliza kama mionzi itaharibu picha. Katika viwango utakavyokutana navyo, hapana. Igor Kostin, aliyekuwa mpigapicha wa shirika la Novosti, alipopanda paa la Chernobyl mwaka 1986 pamoja na askari waliokuwa wakizoa vipande vya kinu kwa makoleo, filamu yake ilitoka na michirizi myeupe upande wa chini, alama ya mionzi iliyokuwa ikipanda kutoka sakafuni. Hicho kilikuwa kiwango ambacho askari waliruhusiwa kukaa nacho kwa sekunde au dakika chache tu. Kama unapiga kwa filamu leo, adui yako ni mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege. Omba ikaguliwe kwa mkono.

Hatua ya 4: Chagua msimu kwa unachotaka kusema

Kiangazi cha Japani, Juni hadi Agosti, mimea itambaayo iitwayo kuzu hufunika nyumba nzima hadi paa lisionekane. Kwa picha ya porini kulikomeza mji, huo ndio wakati, ila kumbuka kuna mvua, joto na nyigu wakubwa hatari kuanzia Agosti hadi Oktoba. Baada ya hapo mashamba ya mpunga yaliyoachwa hugeuka ya njano kwa maua marefu ya mwituni, yamejipanga ndani ya majaruba yaleyale ya zamani, mistari ya mkulima ikiwa bado inasomeka. Nadhani hakuna picha inayoeleza shamba lililopoteza mwenyewe kuliko hiyo, na haihitaji kuingia kwa mtu; unasimama barabarani.

Mwanzoni mwa Aprili, mtaa wa Yonomori mjini Tomioka huwa na miti ya sakura pande zote za barabara kwa zaidi ya kilomita mbili. Miaka mingi maua hayo yalichanua nyuma ya mageti, bila mtu chini yake. Sasa watu wamerudi kuyatazama, na picha nzuri ni za nyuso zao.

Mimi ningechagua Januari au Februari. Majani yamekufa, mifupa ya nyumba inaonekana, hewa ni safi na jua liko chini siku nzima, likipenya hadi ukutani ndani ya vyumba. Siku ni fupi lakini: Desemba jua huzama kabla ya saa 10:30 alasiri. Panga vyumba vinavyotazama kusini kwa mchana, vya magharibi uvibakize mwisho.

Hatua ya 5: Vifaa

Vichache. Kamera moja, lenzi ya milimita 35 na ya 50, na moja pana ya 24 kwa vyumba. Lenzi pana kupita hapo hukifanya chumba cha kawaida kionekane kama pango, na huo ni uongo. Stendi nyepesi, waya au rimoti ya shata, betri mbili za akiba kwa sababu baridi huzimaliza, kichujio cha kupunguza mng'ao, kitambaa cheusi cha nusu mita. Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Usibadilishe lenzi ndani ya jengo. Amua nje, ingia nayo.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Ukifika, usitoe kamera. Tembea mtaa mzima kwanza, tazama wapi kuna mwanga, wapi paa limeinama. Matetemeko makubwa ya Februari 2021 na Machi 2022 yaliyalegeza majengo yaliyokuwa yamestahimili lile la 2011. Vigae vya paa huning'inia na mbao za sakafu chini ya mikeka ya tatami zimeoza. Usisimame chini ya upenu. Tetemeko likianza, nenda mahali pa wazi. Ukiwa karibu na bahari, kimbilia mlimani bila kusubiri tangazo.

Picha nyingi utazipiga kupitia kioo cha dirisha la duka, ukiwa barabarani, kwa hiyo jifunze kioo vizuri. Tuseme kuna duka la kinyozi: viti viwili vya ngozi, kioo kirefu cha ukutani, taulo zimekunjwa rafuni, vumbi juu ya kila kitu. Ukiinua kamera tu, utajipiga picha mwenyewe pamoja na mawingu. Simama upande ambao mgongo wako unalikinga jua. Funga kitambaa cheusi kuzunguka lenzi, ukisogeze hadi kiguse kioo bila kukiegemea, kwa sababu kioo kilichopitia matetemeko kina nyufa usizoziona. Zungusha kichujio taratibu hadi mng'ao ufifie. Weka tundu la lenzi f/8, unyeti wa mwanga ISO 100 au 200, kamera juu ya stendi, shata iachie hata sekunde mbili. Fokasi iwe kwenye kitu kimoja ambacho mkono wa mtu ulikigusa mwisho, kwa mfano mkasi uliowekwa juu ya kitambaa, wala isiwe kwenye ukuta wa nyuma. Kisha tazama kioo cha ukutani: mara nyingi kitakuwa kimeakisi barabara nyuma yako, pamoja na gari jipya linalopita. Usiliondoe. Hilo gari ndilo lililobeba mwaka uliopo.

Ndani ya chumba tatizo ni tofauti kubwa ya mwanga kati ya dirisha na pembe zenye giza. Piga fremu tatu bila kusogeza kamera: moja kwa ajili ya dirisha, moja kwa chumba, moja kwa vivuli, uziunganishe baadaye kwa kiasi. Flashi isitumike, inaua ule mwanga ulioingia wenyewe chumbani miaka yote hiyo. Na unapohariri, jizuie na rangi. Mtindo wa kukoleza kutu na kuigeuza anga kuwa ya kijivu kibichi ulianza kwenye picha za Pripyat na umechosha. Mahame ya Fukushima mara nyingi yana jua zuri na anga ya buluu. Ndivyo yalivyo, na ndivyo yanavyouma.

Usisogeze kitu. Pripyat iliharibiwa na wapigapicha kabla haijaharibiwa na vita: wanasesere waliwekwa kwenye vitanda vya shule ya chekechea, barakoa za gesi zikapangwa sakafuni kwa ajili ya picha, na leo hakuna awezaye kusema kwa uhakika chumba kipi kimebaki kama kilivyoachwa. Ushahidi ulipotea. Fukushima bado kuna ushahidi wa kweli. Kwa wakala mmoja wa magazeti mjini Namie yalikaa miaka mingi mafurushi ya magazeti ya tarehe 12 Machi 2011, ambayo hayakuwahi kusambazwa. Nguvu ya fremu ile ilitokana na kutoguswa. Kama mtu angelichukua gazeti moja na kulilaza vizuri kwenye mwanga, tusingekuwa na sababu ya kuliamini.

Piga pia kilichokuja baadaye. Mashamba yaliyojaa paneli za sola, michoro mikubwa ya ukutani karibu na stesheni ya Futaba, uwanja wa nyumba uliobomolewa ambao ngazi za mlangoni zimebaki, bustani iliyofyekwa mbele ya nyumba isiyokaliwa. Ardhi yenyewe ina habari: hekta 1,600 kuzunguka mtambo zimegeuzwa ghala la muda la udongo uliokwanguliwa mkoani kote, na sheria inasema udongo huo uwe umehamishiwa nje ya mkoa kufikia 2045. Chini ya ghala hilo kulikuwa na vijiji. Mpigapicha anayekimbilia vyumba vyenye vumbi tu huikosa habari kubwa kuliko zote.

Hatua ya 7: Watu

Ukikutana na mkazi, shusha kamera kwanza, inamisha kichwa, salimia. Sentensi moja ya Kijapani itakufaa: "Shashin o totte mo ii desu ka", yaani naweza kupiga picha? Akikataa, mshukuru na uondoke mtaa huo. Akikubali, mwulize kulikuwa na nini pale. Wapigapicha wawili, Carlos Ayesta na Guillaume Bression, waliwaomba wakazi wa zamani wasimame ndani ya maduka na madarasa yao yaliyoharibika, kama siku ya kawaida. Picha hizo zinabaki moyoni kuliko mamia ya vyumba vitupu, kwa sababu mwenyewe yumo, amekubali, na anakutazama.

Epuka makaburi siku za familia, hasa katikati ya Agosti na wakati wa ikwinoksi ya Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Ufukwe wa Ukedo utembee kwa heshima kubwa. Kesho yake baada ya tsunami waokoaji waliamriwa kuondoka kwa sababu ya mtambo, na msako haukuanza tena hadi zaidi ya mwezi kupita. Nchi nzima, zaidi ya watu 2,500 hawajapatikana mpaka leo.

Hatua ya 8: Maelezo ya picha

Picha ya mahame bila maelezo humwachia mtazamaji atunge yake, naye hutunga ya kutisha. Ukiandika "Mji uliouawa na mionzi", umesema uongo. Wengi waliokufa siku ile walikufa kwa tsunami. Mkoani Fukushima watu zaidi ya 2,300 wameandikwa kuwa walikufa kwa athari za uhamisho na maisha ya ukimbizi, wengi wao wazee, baadhi wakiwa wagonjwa waliotolewa hospitalini kwa mabasi. Kwa upande wa mionzi, mwaka 2018 serikali ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba kifo cha mfanyakazi mmoja wa mtambo kilitokana nayo. Uchungu wa habari uko kwenye uhamisho, na maelezo yako yaseme hivyo.

Mfano wa maelezo yanayofaa: "Duka la kinyozi, Futaba, Januari. Wenyeji waliamriwa kuondoka tarehe 12 Machi 2011. Mtaa ulifunguliwa tena kwa makazi tarehe 30 Agosti 2022. Kipimo mlangoni: maikrosiveti 0.2 kwa saa." Mahali, tarehe, kilichotokea, kilichopo. Mwaka wa kupiga usiuache kamwe, maana kesho jengo litakuwa halipo.

Hatua ya 9: Kabla ya kuchapisha

Zima alama ya GPS kwenye kamera na simu, na uifute kwenye faili zilizokwishapigwa. Nyumba zilizohamwa ziliibwa sana, na picha yenye ramani ni mwaliko kwa wezi. Vibao vya majina vilivyo kwenye mageti ya nyumba za Kijapani vifiche, pamoja na namba za magari, picha za familia ukutani, madaftari ya watoto yenye majina.

Kisha yape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku na mji, uhifadhi nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja ikiwa ya RAW isiyohaririwa. Andika pembeni mahali ulipokanyaga na urefu wa lenzi, ili wewe au mwingine aweze kusimama palepale baada ya miaka mitano na kupiga tena. Mkazi aliyekusaidia umtumie picha zilizochapishwa kwenye karatasi; wengi wao ni wazee, na kiunganishi cha mtandaoni hakitawafaa. Mwulize kabla ya kuziweka hadharani kama kuna moja angependa uiondoe, na uiondoe bila kuuliza sababu.